Mlamula Kwenye Makopo

Kabla hajapata ardhi, jirani yangu alikuwa tayari na mipaka. Aliiotesha kwenye makopo ya rangi aliyoyatoboa chini, akayapanga kwenye kivuli cha ukuta wa chumba alichopanga hapa Nyaishozi, na kila jioni aliyamwagilia maji aliyooshea vyombo. Vilikuwa vipandikizi vya mlamula, mmea wa majani marefu ambao huku kwetu hupandwa mpakani kati ya mtu na mtu. Mlamula ukishashika mizizi hakuna anayeung'oa. Hata ndugu wanaogombania shamba la marehemu baba yao husimama penye mlamula wakasema, sawa, hapa ndipo mzee alipoishia.

"Wewe umepanga chumba," watu walimtania wakipita. "Mpaka huo ni wa nini?"

"Wa kibanja changu."

"Kiko wapi?"

"Kinakuja nyuma. Kilikosa gari."

Kwa msomaji ambaye hajafika huku naomba nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo mengine hayatakaa sawa. Kibanja si shamba tu. Ni nyumba iliyozungukwa na migomba, katikati ya migomba pana kahawa, chini ya kahawa pana maharage, na mahali fulani nyuma ya nyumba yapo makaburi ya waliolima hapo kabla yako. Mtu huzikwa kwao. Asiye na kibanja huzikwa kwenye makaburi ya kanisa, juu karibu na mikaratusi, pamoja na wapita njia na wale ambao ndugu zao walitafutwa wasipatikane. Wachungaji hutuambia kwamba hilo si aibu, na ni kweli si aibu. Lakini nimeona familia ikiuza bati la jikoni ili marehemu wao asipelekwe kule juu.

Jirani yangu na mke wake walitoka Burundi wakiwa vijana. Walilima migomba ya watu, kwanza Kituntu, kisha hapa kwetu, kwa mzee mmoja aliyewapa kijumba upande wa chini wa kibanja chake. Yule mama aliimba nami kwaya, sote sauti ya pili, bega kwa bega. Mimi si mwimbaji mzuri. Nilipopotea nilikuwa nasikiliza namna anavyovuta pumzi, nikajua pa kuingilia. Alipofariki, kwa homa ambayo wote tuliidhani ni mafua, mume wake hakuwa na pa kumweka. Yule mzee mwenye kibanja alisimama mbele ya waombolezaji akiwa ameegemea fimbo, akasema, "Huyu ni mtu wa hapa. Chimbeni hapa." Akaonyesha kona ya chini, karibu na mti mkongwe wa kahawa.

Baadaye mzee naye akafa. Wanawe wako mijini, na mke wake alikuwa ametangulia kufa, kwa hiyo nyumba ikafungwa. Jirani yangu akahamia chumba cha kupanga, lakini aliendelea kwenda kule chini kupalilia kaburi. Alikuwa anapita njia ya nyuma kama mtu anayeiba, ingawa hakuna aliyemkataza.

Tangu siku hizo akawa na jambo moja tu moyoni: kununua ile ardhi, kuanzia kaburini kupanda hadi kwenye nyumba, ili mke wake awe amelala kwake.

Sasa nieleze habari ya hisa.

Mimi nilifundisha masomo ya biashara sekondari mpaka nilipostaafu. Msimu mmoja kahawa ilipopata bei nzuri, na kampuni moja ya teknolojia ya Dar es Salaam ikatangaza kuuza hisa kwa wananchi, tulikuwa wanne tuliokubaliana kujaribu. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo jirani yangu, ambaye miaka yote alikuwa akiweka ujira wake kidogo kidogo. Alikuwepo mwinjilisti mstaafu wa usharika wetu, mkulima wa kahawa. Na alikuwepo mfanyabiashara wa maharage mwenye ghala barabarani, ambaye watu humwita Tajiri, nusu kwa heshima nusu kwa kumcheka. Kila mmoja alinunua zake kwa wakala wa benki mjini Kayanga, kisha tukawa tunakutana kwenye baraza yangu kila kampuni ilipotoa taarifa zake. Mimi nilisoma kwenye simu, nikaeleza. Katikati tuliweka kisahani cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani ya harufu ikakaushwa, na mazungumzo yalikwenda kwa mwendo wa taya.

Siku ya kwanza Tajiri aliniuliza kampuni hiyo inauza nini hasa. Nikamwambia inatengeneza mitambo ya kupokea malipo kwa simu, na inakodisha nafasi kwenye kompyuta zake kubwa ili wengine watunze kumbukumbu zao.

"Nafasi ndani ya kompyuta?"

"Ndiyo."

"Mwinjilisti, umesikia? Tumenunua hewa, na hewa yenyewe wamekodishiwa watu wengine."

"Wewe umeuza maharage yenye mawe miaka yote," mwinjilisti akamjibu. "Hewa itakusafisha."

Tulicheka sana siku hizo. Bei ilikuwa inapanda. Ulimwengu mzima, kwa nilivyosoma, ulikuwa umeipenda teknolojia, na kampuni yetu ndogo ilipanda pamoja na wakubwa kama kifaranga aliyedandia mgongo wa mama yake.

Jirani yangu hakuniuliza kamwe bei kwa shilingi. Aliniuliza, "Mwalimu, imefika wapi?"

Alikuwa ameipima ile ardhi kwa macho, na kwa kuwauliza watu alijua vipande vya namna ile vinauzwaje. Kwa hiyo mimi nilimtajia thamani ya hisa zake, naye aliigeuza papo hapo kuwa ardhi. "Imefika kwenye kaburi," alisema mara ya kwanza, na sauti yake ilikuwa ndogo. Taarifa iliyofuata ikawa imefika kwenye mgomba ulioegemezwa mti. Kisha kwenye kijumba walichoishi. Siku ilipofika kwenye nyumba ya mzee alichukua punje moja ya kahawa, akaitafuna taratibu, na Tajiri akamwuliza, "Vipi, umeshaingia ndani?"

"Nipo mlangoni. Nasubiri kukaribishwa."

Alikuwa anasema kweli. Ardhi ilikuwa bado haijawekwa sokoni. Wana wa mzee walikuwa hawajamaliza shughuli za msiba na mambo ya mirathi, na si desturi mtu kwenda kuwauliza watoto bei ya kaburi la baba yao. Akangoja, kama mtu mwenye adabu anavyongoja. Ni wakati huo alipoanza kuotesha mlamula.

Wana walikuja wakati wa Krismasi. Mkubwa wao ni mtu mpole, nilimfundisha. Alimwita jirani yangu, akampa mkono kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo mjomba. Tumeamua kuuza. Tunajua mama yuko pale. Wewe uwe wa kwanza. Chukua unachoweza, kipande au chote kuanzia chini. Tutakungoja mpaka kahawa ianze kuvunwa."

Jirani yangu alinipitia jioni ile ile na habari hiyo. Nilimpongeza. Lakini nilikuwa nimeshaona kwenye simu kwamba hali ya hewa ya masoko imebadilika. Wenye fedha wa nje waliokuwa wakizimwaga kwenye kampuni za teknolojia walikuwa wameanza kukunja mikono. Kampuni kubwa huko ughaibuni zilikuwa zinapunguza wafanyakazi. Na yule kifaranga mgongoni mwa mama yake alikuwa anaanza kuteleza, na hisa za jirani yangu hazikufika tena mlangoni; akasema atangoja zirudi.

Taarifa ya mapato iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka neno kwa neno. Tulikaa barazani baada ya ibada, mvua ikiwa imetoka kukatika na majani ya migomba bado yanadondosha maji. Nikasoma. Mapato yameongezeka kidogo. Faida imeshuka sana. Mkurugenzi anasema mazingira ni magumu lakini ana imani na siku zijazo.

"Mtu wa biashara akisema ana imani," Tajiri akasema, "mimi huwa nashika mfuko wangu. Samahani, Mwinjilisti."

"Usiniombe samahani. Imani ya huyo siyo ninayoihubiri mimi."

"Mapato yameongezeka," jirani yangu akauliza, "faida imeshukaje?"

Hilo nililipenda, kwa sababu ndilo swali. Nikamwambia, "Chukulia mwaka huu umevuna mikungu mingi kuliko mwaka jana. Lakini umelipa vibarua zaidi, gari limekutoza zaidi, na mbolea imepanda. Mikungu ni mapato. Kinachobaki mfukoni ukishalipa wote ni faida. Unaweza kuvuna zaidi ukala kidogo."

"Hapo sawa. Na bei ya hisa, mbona imeanguka kuliko faida yenyewe?"

"Ng'ombe unamnunua kwa maziwa anayotoa leo, au kwa ndama unaotarajia atawazaa?"

"Vyote viwili."

"Kampuni hizi watu walizinunua kwa ajili ya ndama. Ndama ambao hawajazaliwa. Sasa wanunuzi wameanza kuogopa kwamba huenda hawatazaliwa, kwa hiyo wanampima ng'ombe kwa maziwa peke yake. Ndiyo maana ameshuka hivyo, na bado ni ng'ombe yuleyule."

Tajiri alitema ganda la kahawa upande wa bustani. "Jirani, leo imefika wapi?"

"Kaburini," akasema. "Kaburi, na migomba michache inayolizunguka."

"Basi uza. Kesho asubuhi nenda kwa wakala, uza, nunua kaburi."

Kisha mwinjilisti akatingisha kichwa. "Kuuza kitu bei ikiwa imelala ni butura," akasema.

Neno hilo lina uzito huku kwetu, niwaombe mnivumilie nilieleze. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, mara nyingine ikiwa maua. Mkulima mwenye shida humwendea mwenye fedha, wanatembea pamoja shambani, mwenye fedha anatazama miti na kutaja bei ya kumalizia shida ya leo. Miezi inapita, kahawa inaiva mbele ya macho ya mkulima, na anayekuja kuivuna ni mtu mwingine. Nyumba zilivunjika kwa butura. Serikali huipiga marufuku, makanisa huikemea, na mtu aliyeuza butura hunyamaza hata mbele ya watoto wake. Tumefundishwa tangu utoto: vumilia, kopa chumvi, lala na njaa, lakini usiuze kilicho mtini.

Na Tajiri, kabla ya maharage, alikuwa mnunuzi wa butura. Wote tulijua.

"Wewe ndivyo ulivyokuwa unatuambia zamani," mwinjilisti akamwambia. "Unasimama chini ya kahawa ya mtu, unakunja uso. 'Uza sasa, huwezi kujua mvua.' Maneno ni yaleyale, umebadilisha shati tu."

"Ndiyo," Tajiri akasema, na hakukasirika. "Nilikuwa upande ule wa mizani. Ndiyo maana nawaambia. Mimi nilinunua kwa sababu nilijua kahawa itaiva. Hii sijui kama itaiva. Kama ningekuwa najua, ningemwambia aniuzie mimi."

Lilikuwa neno la kweli kabisa, likatoka katika kinywa ambacho hakuna aliyeweza kukiamini.

Nikajaribu na mimi. Nilikiweka kisahani kando, nikasema kwa utaratibu, nikimtazama jirani yangu peke yake. "Kahawa iliyo mtini ina msimu wake. Ukiilinda, ukaisubiri, itaiva, kwa sababu ndivyo Mungu alivyoiumba. Hisa haina msimu. Ikishuka hakuna mvua iliyoahidiwa kuinyanyua. Inaweza kurudi mlangoni, inaweza kwenda chini ya kaburi. Sikuambii uza, wala sikuambii usiuze. Nakuomba tu usiifananishe na kahawa."

"Nimekuelewa, Mwalimu." Na ili nijue kwamba ameelewa akanirudishia somo lote, vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowapa vyeti: maziwa, ndama, msimu, mvua isiyoahidiwa. Kisha akasema, "Nikiuza leo, napata kaburi. Mimi nitakaa wapi? Nitakuwa mtu mwenye kaburi asiye na nyumba. Mke wangu atakuwa na kibanja, mimi nitakuwa namtembelea kama mgeni. Nilimwambia tutakaa pamoja."

"Anza na kaburi," Tajiri akasema. "Nyumba itakuja."

"Na kuna jambo lingine. Nimeishi hapa tangu kijana, na watu wamesema mengi juu yetu tuliokuja. Mengine tumeyacheka, mengine tumeyameza. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba niliuza butura. Siwezi kuanza na kaburi la mke wangu."

Mwinjilisti alimpiga bega kwa upole, kwa mapenzi ya kweli. Sitamhukumu. Na yeye alikuwa akimlinda kwa ngao pekee aliyoijua.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilimwambia kama hofu yake ni mahali pa mke wake, kwetu pana nafasi. Ningezungumza na shemeji zangu, maana kibanja ni cha ukoo wa marehemu mume wangu, na nilikuwa na hakika wangekubali. Alisimama, akavua kofia.

"Asante, Mwalimu. Najua unampenda. Lakini sasa hivi ni mgeni kwenye kibanja cha mtu. Unataka nimhamishe akawe mgeni kwenye kibanja cha mtu mwingine?"

Alinitabasamia kunifariji. Akaenda zake kumwagilia makopo.

Mavuno yakafika. Baraza yangu ilijaa harufu ya kahawa iliyoanikwa, na nilikuwa naigeuza kwa reki simu ilipolia kuonyesha tangazo jipya. Kampuni ilikuwa imepata hasara. Mteja wake mkubwa alikuwa ameondoka, nusu ya ofisi zake zilikuwa zimefungwa, na wakaguzi walikuwa wamekataa kutia sahihi hesabu zake. Kwa hiyo soko lilikuwa limesimamisha uuzaji wa hisa zake hadi mambo yatakapoeleweka. Niliisoma mara ya pili nikiwa nimeketi chini, kwenye kahawa.

Walikuja jioni. Jirani yangu alikuwa ametoka kuvuna kwa watu, mikono yake ilikuwa imekoza weusi wa utomvu. "Imefika wapi?" akauliza kabla hajakaa.

"Haijafika popote. Imesimamishwa."

"Imesimamishwa maana yake nini?"

Nikaeleza. Nimeeleza mambo magumu maisha yangu yote, na sikuwahi kutamani nisieleweke isipokuwa siku hiyo. "Ni kama mnada wa ng'ombe uliofungwa mlango ng'ombe wako akiwa ndani. Ng'ombe bado ni wako. Hakuna aliyemchukua. Lakini huwezi kumtoa, na hakuna anayeruhusiwa kuingia kumnunua."

"Mpaka lini?"

"Hawajasema."

Alitazama mikono yake. "Kwa hiyo hata kaburi, hapana."

"Kwa sasa, hapana."

Ni Tajiri aliyesema. Alisema haraka, akitazama pembeni, kama mtu anayeona haya kuonekana mwema. "Mimi nina kitu ghalani. Tununue kile kipande cha kaburi kesho. Utanilipa ukiweza, na usipoweza tutaonana mbinguni, kama mwinjilisti ataniruhusu kuingia."

Hakuna aliyecheka. Jirani yangu alimshika mkono, na kesho yake walikwenda pamoja kumpigia simu mwana mkubwa wa mzee, mimi nikiwa nimesimama kando yao.

Kijana yule alisema wamengoja. Alisema wiki iliyopita amejitokeza mnunuzi anayechukua chote isipokuwa makaburi ya ukoo nyuma ya nyumba, anayetaka kujenga ghala na uwanja wa kuanikia mazao, kwa kuwa ni karibu na barabara, na wadogo zake wamekubali na wamepokea malipo ya awali. Walimwomba mnunuzi auache ule upande wa kaburi, akakataa. Hapo ndipo malori yatakapoingilia ghalani. "Mjomba, nilikupigia," akasema. "Nilikupigia simu haikupatikana." Ilikuwa kweli. Siku hizo jirani yangu alikuwa Nyabiyonza kwenye mavuno, akilala kwa watu, na simu yake haikuwa na chaji.

Hakuna mtu mbaya katika habari hii. Nimemtafuta. Ningempata ingekuwa nafuu.

Mnunuzi mpya alifuata taratibu zote. Alilipia kibali cha kuhamisha mabaki, akalipia sanduku dogo, akaja mwenyewe akasimama kwa heshima. Mchungaji aliomba. Sisi wa kwaya tulisimama pembeni ya mti mkongwe wa kahawa uliokuwa umewekewa alama ya kukatwa, na tulipofika ubeti wa pili nikapotea. Nikanyamaza nisikilize pumzi ya kunionyesha pa kuingilia. Kando yangu palikuwa na msichana mpya, naye alikuwa ananitazama mimi.

Jirani yangu hakukubali mtu mwingine abebe sanduku. Alilichukua kifuani, akapanda nalo kilima chote, akipita katikati ya vibanja vya watu aliowalimia, na katika kila kibanja watu walisimama kwenye migomba yao wakavua kofia. Pale penye mikaratusi kaburi lilikuwa tayari. Lilikuwa katika mstari na mengine, limepangwa vizuri.

Watu walipoanza kuondoka yeye alishuka mbio. Nikadhani ameshindwa kuvumilia. Lakini alirudi akisukuma toroli, na ndani ya toroli yalikuwa makopo yake. Mlamula ulikuwa umekua. Majani yalikuwa yakipigapiga mikono yake. Akapiga magoti, akapasua kopo la kwanza kwa panga, akaanza kuchimba kwenye kona ya kaburi.

Mtunza makaburi akamsogelea. "Mzee wangu, pole sana. Lakini hapa hatuweki mipaka. Hapa ni pa wote."

"Najua, mwanangu," akasema, na hakuacha kuchimba.

Yule mtunza akamtazama mchungaji. Mchungaji akatazama mikaratusi. Tajiri ndiye aliyekunja mikono ya shati lake jeupe, akapiga magoti kwenye udongo, akashika kopo la pili.

Nimeandika haya kwa sababu juzi tumekutana tena. Soko limeifungulia kampuni. Imepata wamiliki wapya, hesabu zake zimetiwa sahihi, na taarifa yake ya mapato imetoka. Nilituma ujumbe kwa wote watatu nikiwa na mashaka kama jirani yangu atakuja. Alikuja wa kwanza, ameoga, amevaa shati la kanisani. Anakwenda kule juu kila Jumamosi kupalilia. Anasema mlamula umeshika.

Nikasoma. Hasara imepungua. Mapato yameanza kutulia. Wanaofuatilia kampuni za teknolojia wanasema huenda ubaya wa msimu umepita, na bei ya hisa imepanda kidogo kutoka shimoni. Mwinjilisti aliuliza maswali mazuri kuhusu wamiliki wapya. Nilieleza kadiri nilivyoweza. Kisha Tajiri, kwa mazoea tu, ulimi wake ukiwa umemtangulia, akageuka akasema, "Jirani, imefika wapi?" Nikaona uso wake ukibadilika papo hapo, akatamani kulirudisha neno.

Jirani yangu hakukasirika. Alifikiria kwa makini, kama alivyofikiria kila jambo nililowahi kumweleza. Kule chini barabarani, pale palipokuwa kibanja cha mzee, gari lilikuwa linapakiwa kwenye ghala jipya. Tulisikia mlango wa bati ukifunguliwa.

"Zimepanda, nimesikia," akasema. "Na zikiendelea kupanda, Mwalimu, zitafika wapi?"

Alikuwa ananiuliza kweli, kwa sauti ileile ya mwanafunzi aliyezoea kwamba mwalimu wake ana jibu. Nikamsogezea kisahani cha kahawa. Akachukua punje moja, akaiweka kwenye kiganja, hakuitafuna. Nikavaa tena miwani, nikarudi kwenye simu, nikaendelea kusoma pale nilipoishia, ukurasa wa matumizi ya uendeshaji, polepole, ili wote waelewe.